Kuaga shamba: mwongozo kamili kwa anayeondoka baada ya miaka mingi ya kazi

Ukitaka kuanza shamba Dodoma, kila mtu ana ushauri wa kukupa: mbegu gani, kisima kichimbwe wapi, zabibu au alizeti. Ukitaka kuondoka, hakuna anayekufundisha. Ndiyo maana watu waliotoa jasho lao Hombolo, Mpunguzi, Mvumi au Bahi kwa nusu ya umri wao huondoka asubuhi moja kwa bodaboda, funguo wamemwachia mlinzi, na baada ya wiki chache simu hazikomi. Koki ya tanki kubwa iko wapi? Mpaka wa upande wa korongo ni mkwaju au ni jiwe? Huyu kijana anayedai mshahara wa miezi miwili, anasema kweli?

Sababu za kuondoka ni nyingi. Magoti yamechoka. Watoto walioko Dar wanataka uwe karibu na hospitali. Mkataba wa kukodi umeisha. Au mji umekufuata: tangu serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na Dodoma kuwa jiji mwaka 2018, mashamba mengi ya pembezoni yamepimwa viwanja, na mtu aliyekuwa akilima uwele anaamka anakuta bikoni, jiwe la mpaka wa kiwanja, katikati ya tuta.

Mwongozo huu ni wa yule anayeondoka kwa amani na anataka kushukuru. Msimamo wangu ni mmoja na hatua zote zinatoka humo: shamba hushukuriwa kwa kukabidhiwa likiwa na akili yake yote. Akili hiyo iko kichwani mwako, kwenye miguu ya vibarua wako na kwenye kumbukumbu za majirani. Ukiondoka nayo, umemwachia mwenzako ardhi tupu.

Mfano wa shamba lililoachwa vibaya tunao hapa hapa nyumbani. Mwaka 1947 Waingereza walianza Kongwa mradi mkubwa wa karanga. Wakaleta matrekta, mengine yakiwa yameundwa kutokana na vifaru vya vita, wakang'oa vichaka na kupambana na mibuyu. Mvua zikawa za kubahatisha, udongo ukakauka na kushikamana hata karanga zikawa haziwezi kung'olewa, na mwanzoni mwa 1951 mradi ukafutwa. Fedha iliyopotea ilikuwa mamilioni ya pauni. Waliofunga virago hawakuwa na la kumkabidhi mtu, kwa sababu hawakuwahi kulijua shamba lenyewe wala kuwasikiliza Wagogo waliolijua. Wewe umelijua. Kazi iliyobaki ni kulikabidhi.

Chagua msimu, usichague tarehe

Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Kwa shamba la uwele, mtama, alizeti au karanga, muda mzuri wa kuondoka ni kati ya Juni na Agosti. Mazao yameshaingia ghalani, hesabu inaonekana, na anayekuja ana kiangazi kizima cha kulizoea shamba kabla ya kuandaa kwa ajili ya mvua. Ukiondoka Januari, palizi ikiwa imepamba moto, unamwachia mtu magugu na vibarua asiowajua kwa wakati mmoja.

Zabibu ina kalenda yake. Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, Agosti hadi Septemba na tena Februari hadi Machi, na toka kupogoa hadi kuvuna ni kama miezi minne. Ondoka baada ya mavuno ya Septemba, kabla mkasi haujaingia tena shambani. Usiondoke vichala vikiwa vichanga. Hapo ndipo marafiki hugombana: nani atapulizia salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiri, nani atalipa walinzi wa kufukuza ndege, na pesa ya mavuno ni ya aliyepogoa au ya aliyevuna?

Wakati mwingine tarehe si yako. Mkataba unaisha Februari, au barua ya serikali imefika. Basi liandikieni makubaliano zao lililoko shambani: nani anavuna, nani analipa kazi, nani anapokea malipo ya zabibu au ya mchuzi wa zabibu, yaani zabibu zilizokamuliwa. Ukurasa mmoja wenye sahihi mbili na shahidi unatosha.

Kama una nafasi, anza mwaka mmoja kabla. Mkaribishe anayekuja, awe mwanao, mpangaji mpya au mnunuzi, apite nawe msimu mzima. Mtu aliyekuona ukipogoa mara moja atakumbuka zaidi ya aliyesimuliwa mara kumi.

Daftari la shamba

Hatua hii ndiyo ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa mara nyingi. Nunua kaunta buku. Kurasa za mwanzo chora ramani kwa mkono: nyumba, kisima, tanki, njia za mabomba, koki zote, miti mikubwa, korongo, njia ya ng'ombe. Usijali uzuri wa mchoro. Andika namba kwenye kila koki kwa rangi, kisha namba hizo hizo uziweke kwenye ramani.

Halafu andika kila kipande cha shamba kwa jina lake. Mashamba yetu huwa na majina ya ndani ambayo hayako kwenye karatasi yoyote: kwa bibi, kwenye kichuguu, chini ya mbuyu. Kwa kila kipande sema kinafanyaje kazi. Mfano:

"Kwenye kichuguu: udongo mwekundu, unakauka haraka. Karanga hapa zinakubali mvua zikianza mapema. Zikichelewa, panda uwele. Kwa korongoni: udongo mweusi, maji yanatuama Februari, jembe haliingii baada ya mvua kubwa, subiri siku mbili tatu. Mistari ya mwisho ya zabibu upande wa magharibi hupata ubwiri kwanza, anzia kupulizia hapo."

Unaona? Hakuna kitabu cha kilimo chenye maneno hayo, kwa sababu yanahusu shamba moja tu duniani.

Andika pia wanaokuja bila kualikwa. Ndege wa kwelea kwelea hushuka uwele na mtama unapokomaa. Eleza mnawafukuza vipi na nani huwa mnamwita. Andika panya walikotoboa ghala, nguruwe pori wanapopitia, na jirani ambaye mbuzi wake wana mazoea. Huyo wa mwisho mwandike kwa adabu, daftari litasomwa na wengi.

Ukurasa wa maji uwe peke yake. Kisima kina kina gani, pampu inakaa wapi, hupungua mwezi gani, fundi wake ni nani. Kama maji yana chumvi, sema. Kwa mipira ya matone, eleza husafishwa vipi na ni mstari upi huziba mara kwa mara.

Mzee asiyependa kuandika asisumbuliwe. Mjukuu achukue simu, watembee pamoja asubuhi mstari kwa mstari, mzee aongee, simu irekodi. Jioni mjukuu ahamishie kwenye daftari. Nimeona familia zikigundua kwa njia hiyo mambo ambayo baba hakuwahi kuyasema, si kwa siri, ila hakuna aliyewahi kumuuliza.

Tembeeni mipaka, na msipite makaburi kimya

Karatasi inasema ekari. Jirani anasema mnyaa. Kesi nyingi za ardhi vijijini huanza pale aliyejua mpaka anapoondoka au kufa. Kwa hiyo pangeni siku, mtembee kwa miguu: wewe, anayekuja, majirani wote mnaopakana nao, mwenyekiti wa kitongoji, na mtendaji wa kijiji akiweza. Kila kona msimame, jirani aseme kwa mdomo wake kwamba mpaka ni hapa. Piga picha akiwa amesimama pale. Palipo na wasiwasi, pandeni minyaa au mkonge siku hiyo hiyo, wote mkiangalia. Mkimaliza andikeni muhtasari na kila mmoja asaini. Hili si jambo la kwenda mikono mitupu. Chai nzito na maandazi vitangulie.

Ukiwa katika matembezi hayo ndipo mtafika kwenye makaburi, kama yapo. Mashamba mengi ya kwetu yana mtoto aliyezikwa chini ya mti au bibi aliyezikwa karibu na boma. Watu huona aibu kuyataja mbele ya mnunuzi wakidhani bei itashuka. Yatajeni. Pimeni eneo lake, liandikwe kwenye mkataba kwamba halilimwi wala halijengwi, na iandikwe njia ya kupita kwenda kuyatembelea. Mnunuzi asiyekubali hilo msimuuzie, hata akiongeza pesa.

Ardhi ikitwaliwa kwa shughuli za umma, iko Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969. Makaburi hayafukuliwi kiholela. Familia hujulishwa, na gharama za kuhamisha na kuzika upya huingia kwenye hesabu. Chagueni mapema msemaji mmoja wa familia. Wanafamilia watano wakiongea na ofisi moja, mambo hukwama.

Watu kwanza, hotuba baadaye

Kuna mwajiri atakayefanya sherehe ya kuaga, akachinja mbuzi, akalia machozi mbele za watu, na vibarua wakaondoka bila haki zao. Mimi hiyo siiiti shukrani.

Kama unafunga au unauza shamba na wafanyakazi wanapoteza kazi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakuhusu hata kama hamkuandikiana kitu. Anayelipwa kwa mwezi anapewa notisi isiyopungua siku 28 au malipo badala yake. Analipwa siku alizofanya kazi na likizo aliyoilimbikiza bila kuichukua. Aliyefanya kazi mfululizo angalau mwaka mmoja anapata kiinua mgongo: mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi. Anapata pia cheti cha utumishi, na kama ulimwajiri kutoka mbali, usafiri wa kumrudisha mahali ulipomwajiri.

Tufanye hesabu, maana hapa ndipo watu hubabaika. Mtu analipwa 180,000 kwa mwezi na anafanya kazi siku sita kwa wiki. Gawanya kwa 4.333 upate mshahara wa wiki, kama 41,540. Gawanya kwa sita upate wa siku, kama 6,920. Zidisha kwa saba: 48,440 kwa kila mwaka. Kama amekaa nawe miaka kumi au zaidi, ni kama 484,000. Kwa mtu aliyekulindia shamba usiku kwa miaka yote hiyo, sheria imekuwekea kiwango cha chini tu, hujakatazwa kuongeza. Hakikisha pia michango yake ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, imepelekwa.

Kama wewe ndiye uliyeajiriwa na unaondoka, dai cheti chako, dai likizo yako, na uage vizuri hata kama bosi hakuwa mwema kila siku. Mkishindwana kuhusu malipo, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na muda wa kupeleka lalamiko ni mfupi: siku 30 kwa kuachishwa kazi isivyo haki, siku 60 kwa madai mengine. Usikae nyumbani ukisubiri bosi apoe.

Msimamizi au kibarua wa muda mrefu mtambulishe kwa anayekuja kwa sifa zake halisi, mbele yake mwenyewe. "Huyu ni mama Neema, ndiye anayejua kuchagua vichala. Akisema bado, usivune." Sentensi kama hiyo humsaidia kuliko shati jipya.

Kisha majirani na wazee. Nenda nyumbani kwa kila mmoja. Usiage kwa simu, wala kwa kundi la WhatsApp. Kwa wazee wa Kigogo anza na salamu yao, mbukwa, hata kama Kigogo chako kimeishia hapo, halafu taja jambo moja mahususi unalomshukuria. Asante ya jumla hupita sikio moja na kutokea la pili. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu, vuta kigoda."

"Mzee, nimekuja kuaga. Mwaka ule njaa ilipotubana ulinipa debe la uwele na hukuuliza litarudi lini. Sijasahau."

"Na debe langu je?"

"Liko hapa mlangoni, limejaa."

Madeni madogo ya aina hiyo, jembe la kuazima, gunia, turubai, yarudishwe kabla ya siku ya mwisho. Na kama kuna mliyegombana naye, nenda na mtu mzima mnayemheshimu wote wawili. Asipopokea, umefika.

Wafugaji wanaolisha mabua yako baada ya mavuno nao wajulishwe. Wana makubaliano na wewe, si na anayekuja, na wasipoambiwa wataingiza ng'ombe Julai kama kawaida yao. Wakutanishe na mwenyeji mpya wapatane wenyewe.

Karatasi

Sehemu hii inachosha lakini haina njia ya mkato. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na kuihamisha kwa mtu mwingine kunapita Halmashauri ya Kijiji. Muhuri wa mwenyekiti peke yake, uliogongwa jioni barazani kwake, hautoshi. Taka jambo lako liingie kwenye kikao na muhtasari. Kama una hatimiliki ya kimila, itumie. Mwenzi wako wa ndoa lazima aridhie kwa maandishi, na usisubiri kumwita siku ya kusaini kana kwamba ni shahidi. Kwa ardhi iliyopimwa ndani ya jiji, anza na ofisi ya ardhi, na ulizia TRA, mamlaka ya mapato, kodi zinazohusu mauzo kabla hujakubaliana bei.

Kwa anayepisha mradi wa umma, fidia haihusu ardhi tupu. Kuna thamani ya ardhi, nyumba, mazao na miti ya kudumu, na kuna posho za usumbufu na usafiri. Tembea na mthamini. Hesabuni mizabibu mstari kwa mstari, ihesabiwe pia mikwaju na miembe, na usisaini fomu yenye nafasi zilizoachwa wazi. Toa nakala ya kila unachosaini.

Mengine ni ya haraka: deni na hisa za AMCOS (chama cha ushirika wa mazao), jina kwenye mita ya umeme ya LUKU, uanachama wa chama cha watumia maji, mkopo wa pembejeo. Kila kimoja kifungwe au kihamishwe, na risiti ibandikwe nyuma ya daftari.

Udongo, na pesa ya mwisho ya mkaa

Kwenye miezi ya mwisho kuna kishawishi kimoja kibaya: kukata miti uchome mkaa, kwa kuwa "naondoka hata hivyo". Usifanye. Mbali na kwamba uvunaji wa miti unahitaji kibali, kipande kilichonyolewa katika nchi kavu hii hakirudi kwa urahisi. Kondoa iliharibiwa na mmomonyoko kiasi kwamba mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoathirika ili ardhi ipumue. Fikiria mfugaji kuaga ng'ombe wake wote kwa sababu ya makosa ya miaka iliyopita.

Ukitaka kuliachia shamba zawadi, fanya matatu. Rekebisha makinga maji yote kabla ya mvua, hasa pale maji yanapoingilia kutoka barabarani. Tandaza samadi kwenye kipande ulichokichosha zaidi. Unakijua, hata kama hujawahi kumwambia mtu. Na visiki vya miti vinavyochipua usiving'oe: chagua machipukizi machache yenye nguvu, punguzia mengine, funga kitambaa cha rangi ili mwenye jembe asiyakate. Njia hiyo huitwa kisiki hai, na imeenea vijiji vingi vya Dodoma kwa sababu haina gharama: mizizi tayari iko chini.

Dawa za kilimo zilizobaki zisigawiwe majirani kwenye chupa za soda. Zikiwa bado zinafaa na zina lebo, mkabidhi anayekuja pamoja na maelezo. Zilizopitwa na wakati, muulize afisa ugani zipelekwe wapi. Makopo matupu suuza mara tatu, mimina maji hayo kwenye bomba la kupulizia, kisha toboa makopo. Yasipotobolewa, wiki ijayo utayaona kichwani mwa mtoto akitoka kisimani.

Nafaka ya kugawa iwe kavu na safi. Mahindi au karanga zilizoota ukungu si zawadi wala si chakula cha kuku. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na ilitoka kwenye chakula cha kawaida cha nyumbani.

Unachochukua, unachoacha

Kanuni yangu: kilichofungwa ardhini au ukutani kinabaki, isipokuwa kimeandikwa. Kung'oa milango, koki na nguzo za zabibu usiku wa mwisho kunafuta miaka yote ya heshima. Mizinga ya nyuki, kama unaondoka nayo, ihamishe usiku, milango ikiwa imezibwa kwa nyavu. Mifugo inayovuka wilaya inahitaji kibali cha kusafirisha kutoka kwa afisa mifugo; usigundue hilo kwenye kizuizi barabarani. Mbwa wa shamba mara nyingi ni afadhali abaki, kama mlinzi anabaki. Mbwa aliyezoea ekari kumi akifungwa kwenye ua wa mjini Area D anateseka, na majirani nao wanateseka.

Chukua mbegu yako ya uwele, ile uliyokuwa ukiichagua mwenyewe kila mwaka. Lakini gawa nusu, maana mbegu iliyo kwa mtu mmoja inapotea kwa panya mmoja.

Chukua pingili za mzabibu pia. Zikate wakati wa kupogoa, kutoka kwenye tawi lililokomaa la mti uliozaa vizuri, unene wa penseli, zenye macho matatu au manne. Kata ya chini iwe mshazari na ya juu iwe bapa, usije ukazipanda kichwa chini. Zifunge pamoja, zifunike kwa gunia lenye unyevu, na zipandwe ndani ya siku chache kwenye vifuko, macho mawili yakiwa chini ya udongo. Mzabibu mmoja kwenye ua, juu ya kichanja, unatosha kwa mtu aliyestaafu. Kuhusu wale wanaochukua udongo kwenye chupa, sina neno. Ila chupa iandikwe, wajukuu wasije wakaimwaga.

Chakula cha kuaga

Kifanyike shambani. Nimehudhuria kuaga kulikofanywa ukumbini mjini, vibarua wakakaa viti vya nyuma wakiogopa kugusa vitambaa vya meza. Shambani ndiko wanakojua pa kukaa.

Chakula kiwe cha mahali: ugali wa uwele au mtama, mlenda, mbuzi, maziwa ya mgando. Wakristo, Waislamu na wazee wa mila watakuwepo pamoja, kwa hiyo mchinjaji awe Mwislamu ili wote wale, na dua iombwe kwa zamu. Kama wazee wanataka jambo lao kwenye mti mkubwa, waulize wanahitaji nini na waachie nafasi. Kikundi cha ngoma kikiwepo kijijini, kialike mapema, na kilipwe.

Hotuba yako isizidi dakika chache. Taja majina, na usiwasahau waliofariki. Usihesabu magunia uliyovuna. Kisha mbele ya wote mpe anayekuja daftari, jembe moja na funguo, kwa mpangilio huo. Watu wakiona daftari likipokelewa kwa mikono miwili, wataanza kumuuliza yeye maswali badala yako, na hilo ndilo unalolitaka.

Siku ya makabidhiano na miezi inayofuata

Sherehe na makabidhiano visifanywe siku moja. Makabidhiano yanataka utulivu: mnapita na orodha, mnawasha pampu, mnafungua kila koki, mnasoma mita, mnahesabu vifaa, mnasaini nakala mbili. Kilichoharibika kiandikwe kuwa kimeharibika. Ondoka asubuhi, si jioni. Jioni watu hukuzuia ulale, na kesho yake unajikuta unakagua mistari.

Miezi ya mwanzo atakupigia. Pokea, jibu ulichoulizwa, ishia hapo. Usiwapigie vibarua wake kuwauliza mambo yanaendaje, maana kufanya hivyo ni kumvunjia heshima mwenyeji. Ukitaka kutembelea, mjulishe kwanza, ufike mchana, upitie nyumbani kabla ya kuingia shambani. Ukikuta amebadilisha mpangilio wako wote, tulia. Na kama ameamua kung'oa mizabibu apande alizeti, ni haki yake; muulize tu kama nguzo anauza, na kwa bei gani.